Jiko la Mathe na Kile Kaunti Zetu Zimesahau

Wasee, leo sina stori ya mastaa wala siasa za wiki hii. Leo naongea kuhusu jiko. Ndiyo, jiko la makaa, lile limekaa hapo kwenu nyuma ya mlango likingoja gesi iishe mwisho wa mwezi. Kaeni na mimi mpaka mwisho, kwa sababu ndani ya hilo jiko kuna historia ambayo wengi wetu hatukufunzwa shuleni, na inagusa pesa ya mfuko wako.

Mathe huuza chapo na maharagwe kando ya barabara, huku Eastlands. Ameifanya hiyo kazi tangu nikiwa darasa la tatu. Ndiyo ilinisomesha sekondari, na ndiyo ililipa mihula mitatu ya chuo kikuu kabla hesabu ikatae nikarudi nyumbani. Siwaambii hivi ndio mnionee huruma. Nawaambia ndio mjue kwetu jiko ndiyo ofisi. Likilala, sisi pia tunalala njaa.

Mwezi jana jiko lake kubwa likapasuka udongo wa ndani. Akanipa pesa, akaniambia niende Kamukunji nimletee lingine. "Na usiniletee takataka," akasema. Mimi nikajifanya mjanja. Kabla nifike Kamukunji nikaona jamaa ameanika majiko kando ya barabara, yamepakwa rangi, yanang'aa, na bei iko chini kwa shilingi 250. Nikanunua moja. Ile 250 nikaweka bando.

Sasa, mathe ana daftari. Anaandika kila kitu: unga, mafuta, maharagwe, makaa. Na jiko la zamani alikuwa anamaliza mikebe mitatu ya makaa kwa siku. Na jiko langu la kung'aa akaanza kumaliza minne. Kwetu mkebe ni shilingi 100. Fanya hesabu. Kufikia siku ya tatu, ile 250 yangu ilikuwa imeisha na tumeanza kula hasara. Baada ya wiki mbili mathe alifungua daftari mezani, akaweka kidole kwa mstari wa makaa, akaniangalia. Hakusema kitu. Shilingi 1,400 zilikuwa zimeungua bure kwa sababu ya kijana wake mjanja.

Kesho yake nikabeba hilo jiko mpaka Kamukunji. Nikampata mzee mmoja fundi, shati limejaa vumbi la bati, nikamwamkia, nikamwonyesha. Aligonga udongo na kidole, akasikiliza, akacheka. Akanifungulia ndani: udongo mwembamba, haukuchomwa ukaiva, na kati ya udongo na bati hakuna kitu.

"Kijana," akaniambia, "hili ni bati tu limevaa shati la udongo."

Halafu akaanza kunieleza venye walianza kuyatengeneza miaka ya themanini, yeye akiwa kijana mdogo kuniliko. Nilienda hapo kurudisha jiko. Nikatoka na stori ambayo imenifanya nisome wiki nzima. Na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba kila tunaposikia "kuokoa nishati" tunafikiria kitu cha Wazungu, cha paneli na magari ya umeme, na kumbe Nairobi ilishafanya hiyo kazi kabla wengi wetu tuzaliwe. Na ilifanywa na watu wa nyundo, watu wa udongo na kina mama wa jikoni.

Hebu nianzie mwanzo.

Bati la watu wa reli

Jiko la bati tupu, lile la duara lisilo na udongo ndani, wazee wengi husema lilikuja na mafundi wa Kihindi walioletwa kujenga reli. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika hapa Nairobi 1899 wakati hapa palikuwa tu bwawa na nyasi, ikafika Kisumu 1901. Mji ukakua kando ya reli. Watu wakaja kutafuta kazi, wakapanga vyumba vya mji, na huwezi kuwasha mafiga matatu ndani ya chumba kimoja cha kupanga. Makaa yakawa moto wa mji. Ni mepesi kubeba, hayana moshi mwingi kama kuni, na unaweza kununua kidogo kidogo kulingana na mfuko.

Shida ni kwamba jiko la bati tupu ni mwizi. Kati ya joto lote la makaa, ni kama asilimia 10 mpaka 20 tu inayoingia kwa sufuria. Zaidi ya nusu inapita kwa ukuta wa bati na kupotelea hewani. Umewahi kukaa karibu na jiko la bati ukahisi miguu inaungua? Hiyo ni pesa yako inapasha hewa ya mtaa joto.

Na hasara haianzii jikoni. Ili upate kilo moja ya makaa kwenye tanuri la kawaida la udongo kule shambani, unachoma kilo kati ya tano na kumi za mti. Kwa hivyo mkebe mmoja ukipotea bure Eastlands, ni mzigo wa kuni umepotea bure mahali fulani ambapo hutawahi kupaona.

Nairobi, Agosti 1981

Miaka ya sabini bei ya mafuta ilipanda mara mbili kwa kishindo, 1973 na tena 1979. Mafuta ya taa yakawa ghali, watu wakakwama na makaa, na wataalamu wakaanza kupiga kelele kwamba miti haitatosha. Mwaka 1977 Wangari Maathai alikuwa ameanzisha Green Belt Movement, akina mama wakapanda miti. Hiyo stori mnaijua. Lakini kulikuwa na watu wengine waliouliza swali la pili: sawa, tunapanda, lakini je, tunaweza kuchoma kidogo na chakula kiive vilevile?

Mwaka 1979 Kenya ikapata Wizara ya Nishati. Halafu Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ukafanya mkutano mkubwa wa nishati mpya na mbadala hapa hapa Nairobi. Dunia nzima ilikuja kuongea kuhusu jua, upepo na kuni. Mikutano kama hiyo tunaijua, watu wanakula, wanapiga picha, wanarudi kwao. Lakini huo uliacha kitu. Karibu na wakati huo mashirika ya hapa nchini yanayohusika na nishati yalijiunga pamoja yakaunda KENGO, na wizara ikawa na mradi wa nishati mbadala uliofadhiliwa na USAID. Kati ya vitu walivyoamua kushughulikia ni lile jiko la bati.

Wazo la kuweka udongo ndani lilitoka Thailand. Huko watu walikuwa wanatumia jiko la ndoo: ndoo ya bati, na ndani yake udongo uliochomwa. Udongo unashikilia joto, haupitishi haraka kama bati. Hapa Kenya, mbunifu Maxwell Kinyanjui na wenzake wakachukua hilo wazo wakalilinganisha na jiko letu, na mafundi wetu, na sufuria zetu, na ugali wetu. Kwa sababu ugali haupikwi kwa kutazama, bana. Unasonga kwa nguvu. Jiko lisiposimama imara unamwagika wote.

Lilifeli kwanza

Hapa ndipo stori inanibamba, kwa sababu tunapenda kusikia kwamba kitu kilibuniwa na mara moja kikafaulu. Hili halikuenda hivyo. Kulikuwa na majaribio mazito ya kubeba, mengine udongo ulipasuka, mengine yaliyumba. Yule mzee wa Kamukunji aliniambia kuna wateja walirudisha majiko yakiwa na nyufa kabla wiki iishe, na fundi akabaki anatafuta pa kujificha.

Kilichobadilisha mambo ni kwamba waliokuwa wakipika walisikilizwa. Umbo likabadilishwa likawa na kiuno: juu pana, katikati pembamba, chini pana ndio lisipinduke. Udongo ukawekwa nusu ya juu tu, pale moto unakaa, ndio jiko lisiwe zito na bei isipande. Kati ya udongo na bati ikawekwa saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, yale mawe mepesi yanayozuia joto kupita. Udongo wenyewe una matundu chini ya kuangusha majivu, na kuna kamlango ka kuongoza hewa. Ukitaka moto mkali unafungua, ukitaka maharagwe yatokote polepole unafunga.

Kwa Kiingereza likaitwa Kenya Ceramic Jiko. Sisi tunaliita tu jiko. Hilo ndilo mathe alikuwa nalo miaka yote na mimi sikujua lina historia.

Likitengenezwa vizuri, linafikisha kama asilimia 25 mpaka 40 ya joto kwa sufuria. Linganisha na ile 10 mpaka 20 ya bati tupu. Kwa matumizi ya nyumbani inamaanisha unaokoa theluthi moja hivi ya makaa, na mara nyingine karibu nusu. Hakuna waya, hakuna tokeni, hakuna betri. Ni bati na udongo uliokaa mahali pake.

Nani alilieneza

Sasa sikilizeni hii sehemu vizuri, kwa sababu ndiyo sababu ya mimi kuandika.

Serikali ingeweza kuamua kujenga kiwanda kimoja kikubwa, kampuni moja, tenda moja, mnajua mambo ya tenda. Ingeweza pia kununua majiko laki kadhaa na kuyagawa bure kwenye mikutano ya siasa. Haikufanya hivyo. Ilichofanya, pamoja na KENGO na washirika wengine, ni kuwafunza mafundi wa jua kali ambao tayari walikuwa wakigonga mabati Shauri Moyo na Kamukunji, na kuwafunza wafinyanzi kutengeneza udongo wa ndani. Vituo vya nishati vikawekwa sehemu tofauti za nchi, Mtwapa, Kitui, Kisii, Bukura, ili watu waone na wajifunze. Hakuna aliyezuiwa kulitengeneza. Ukiweza kukata bati na kununua udongo, unaingia sokoni.

Na kazi ikagawanyika kivyake. Kuna wa kufinyanga na kuchoma udongo. Kuna wa kukata bati kutoka kwa mitungi na madramu yaliyokwisha kazi. Kuna wa kuunganisha. Kuna wa kubeba kwa mkokoteni, na kuna mama wa kuuza sokoni. Jiko moja, mikono mitano, familia tano zimekula.

Mwanzoni bei ilikuwa juu, karibu dola 15 za Marekani, na kwa wakati huo hiyo si pesa ya mtu wa kibarua. Walionunua kwanza walikuwa watu wa mifuko mizuri kidogo. Lakini mafundi walivyoongezeka, wakashindana, bei ikaanguka mpaka dola chache. Wakati huo ndipo jiko likaingia kwa kila ploti. Kufikia katikati ya miaka ya tisini, majiko kama 700,000 yalikuwa yakitumika Kenya, na zaidi ya nusu ya nyumba za mjini zilikuwa nalo. Wazo likavuka mpaka, likaenda Tanzania, Uganda, Rwanda, Ethiopia, likafika hata Ghana na Senegali, kila nchi ikilipa sura yake.

Mashambani, ambako watu wanatumia kuni na si makaa, kazi ilikuwa tofauti. Huko Maendeleo ya Wanawake walihusika kueneza jiko la kuni lenye udongo, lile linalojengewa jikoni. Karibu na Kisumu, wafinyanzi wanawake waliokuwa wakitengeneza mitungi na vyungu wakaongeza udongo wa majiko kwenye biashara yao. Shosho wako pengine alipikia hapo. Ufundi ulikuwepo tayari, ulipewa tu kazi mpya.

Kwa hivyo mtu akikuuliza jamii inawezaje kuokoa nishati, usianze kufikiria mbali. Iliwezekana kwa sababu nne: fundi wa mtaa alifunzwa, mpishi alisikilizwa, soko liliachwa lifanye kazi, na serikali ilishika pale ambapo fundi mmoja hawezi peke yake, yaani utafiti, majaribio na mafunzo.

Lakini tusidanganyane

Sitaki mtu aniambie nimepaka hii stori sukari. Kuna mambo matatu yenye uchungu.

La kwanza, lile jiko linaokoa makaa, halifanyi makaa kuwa salama. Makaa yanatoa gesi ya sumu ambayo huioni na hunusi. Kila msimu wa baridi tunasikia watu wamelala na jiko ndani ya nyumba iliyofungwa na hawakuamka. Tafadhali, nawaomba kama ndugu yenu: jiko lisilale ndani. Hata liwe bora namna gani.

La pili, kuliacha soko bila jicho lolote kulileta watu kama yule jamaa wangu wa barabarani. Mara tu watu walipopenda umbo la kiuno, kukatokea majiko yenye umbo na hayana kazi. Udongo mwembamba, haujaiva, hakuna kitu cha kuzuia joto. Mteja hawezi kujua kwa kuangalia. Anayeumia ni mama anayenunua makaa kwa mkebe, kwa sababu yeye ndiye hulipa hasara kila siku, shilingi 100, shilingi 100, mpaka mwaka uishe.

La tatu, mji ulikua kuliko jiko. Ukiokoa theluthi ya makaa kwa kila nyumba lakini nyumba zinaongezeka mara kadhaa, gunia bado zinaingia usiku kwa malori. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti kwenye misitu ya umma. Mnakumbuka bei ya makaa ilivyoruka. Sisi tunakumbuka, kwa sababu iko kwa daftari. Mti ulipigwa marufuku, lakini njaa ya saa saba mchana haikupigwa marufuku, watu waliendelea kununua kwa bei yoyote. Marufuku peke yake inamkamata anayepika, haimpatii njia nyingine ya kupika.

Kaunti ziko wapi?

Sasa tuje leo. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inasema wazi kwamba usambazaji wa umeme na gesi na usimamizi wa nishati katika ngazi ya kaunti ni sehemu ya kazi za kaunti. Kaunti 47 zilianza kazi 2013. Halafu Sheria ya Nishati ya 2019 ikasema kila kaunti iandae mpango wake wa nishati. Soma tena: kila kaunti. Kwa hivyo kuna karatasi mahali fulani, au inafaa iwepo, yenye kueleza kaunti yako itakusaidiaje kutumia nishati vizuri. Umewahi kuiona? Umewahi kuitwa kwenye mkutano wa kuijadili?

Mimi nimehudhuria mikutano ya ushirikishaji umma mara mbili. Watu wanaongea barabara, maji, basari. Nishati ikitajwa, ni taa za barabarani. Taa ni muhimu, sikatai, mimi mwenyewe hupita giza. Lakini moto wa kupikia ndio unakula pesa ya nyumba nyingi kila siku, na hakuna mwanasiasa anayezindua jiko kwa kukata utepe.

Ningekuwa na nafasi ya kuongea na waziri wa nishati wa kaunti yangu kwa dakika tano, ningemwambia haya.

Anza na mafundi. Wape mahali pa kufanya kazi pasipobomolewa kila baada ya uchaguzi. Weka tanuri moja la pamoja la kuchoma udongo uive sawasawa, na muhuri wa ubora kwa jiko lililopita majaribio. Muhuri tu. Hiyo ingeniokolea shilingi 1,400 na aibu ya kuangaliwa na mathe.

Pili, nenda panapochomwa sana. Shule niliyosoma sekondari ilikuwa inaletewa lori la kuni, na jikoni kulikuwa na moshi hadi wapishi wakitoka nje macho yamekuwa mekundu. Tulikuwa mamia ya wanafunzi, na maharagwe yalikuwa yakipikwa usiku kucha. Majiko makubwa ya shule yanayookoa kuni yamekuwepo Kenya tangu miaka ya themanini. Bellerive Foundation ilikuwa ikiyatengeneza na kuyaweka shuleni wakati wazazi wetu wakiwa wanafunzi. Teknolojia haikukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kupiga hesabu ya kuni za miaka mitano na kuona kwamba jiko jipya linajilipa lenyewe. Kaunti inasimamia chekechea na vyuo vya ufundi. Ianzie hapo, halafu ikae chini na bodi za shule nyingine, masoko na vibanda.

Tatu, usiniletee vitu vya bure vyenye picha yako. Kitu cha bure hakina fundi wa kukitengeneza kikiharibika. Nikopeshe. Nipe njia ya kulipa kidogo kidogo, iwe ni jiko bora, iwe ni mtungi wa gesi, iwe ni sufuria ya umeme ya kupika kwa presha. Najua makaa si ya milele na hayafai kuwa ya milele. Umeme wetu mwingi unatoka kwa mvuke wa ardhini, maji na upepo, na ingekuwa vizuri siku moja mathe apikie huo. Lakini njia ya kufika huko ni ileile ya 1981: jaribu, sikiliza anayepika, rekebisha, funza fundi wa karibu, bei ishuke.

Na sisi pia, tusikae tukingoja kaunti kama wageni.

Kilichotokea kwetu

Yule mzee wa Kamukunji alikataa kunirudishia pesa, na alikuwa sawa kwa sababu si yeye aliyeniuzia. Lakini alichukua lile jiko langu la shati la udongo, akatoa udongo wa ndani, akaweka mwingine mzito, akajaza pale kati, akaniuzia kwa bei ya udongo na kazi tu. Kabla nibebe akaweka makaa kidogo, akawasha, akaniambia niguse bati kwa nje. Lilikuwa vuguvugu. Kumbuka yale ya mwanzo yalikuwa yananiunguza miguu.

Siku hiyo mathe alirudi kwa mikebe mitatu. Aliandika 3 kwa daftari, akapiga mstari chini yake. Ndivyo alivyonisamehe.

Halafu nikafanya kitu ambacho sikuwahi kufanya nikiwa chuo. Nilienda kwa chama chao cha Jumapili, kina mama wanane wote wauza chakula, nikawaomba kila mtu aniambie anatumia mikebe mingapi. Walinicheka kwanza. "Kijana wa Mama Chapo amekuwa afisa wa ushuru!" Lakini walinijibu. Tulikagua majiko moja moja kwa kugonga udongo na kuangalia ndani, venye mzee alinionyesha. Matano kati ya manane yalikuwa kama langu. Yalikuwa yanakula mkebe mmoja zaidi kila siku. Mikebe mitano, shilingi 500 kwa siku, kama 13,000 kwa mwezi wa siku 26 za kazi. Kwa chama cha watu wanane! Hiyo ni pesa ambayo wanaikopa wao kwa wao na kulipa riba.

Wameamua wachange, wampelekee mzee majiko yote matano pamoja awabadilishie udongo, awapunguzie bei. Mimi ndiye nimepewa daftari la makaa la chama. Kila Jumapili naandika mikebe. Sina digrii, lakini nina daftari, na mkutano ujao wa kaunti nitaenda nalo. Nataka waone kwamba mpango wa nishati unaweza kuanza na kina mama wanane, fundi mmoja na kalamu.

Kwa hivyo leo jioni, kabla ulale, fanya hivi. Nenda uangalie jiko la kwenu. Gonga udongo. Uliza mama, shosho, au yule jirani wa kuuza mahindi, anatumia mikebe mingapi kwa siku. Andika. Rudia baada ya wiki moja. Na ukisikia tangazo la mkutano wa bajeti ya kaunti yako, nenda, inua mkono, uliza mpango wa nishati uko wapi.

Na jiko litoe nje kabla ulale. Hiyo sirudii.